Muhula wa kwanza chuoni: hakuna atakayekufuata

Ratiba ya muhula wa kwanza inadanganya macho. Unaona mihadhara miwili Jumatatu, mmoja Jumanne, na Jumatano mchana kutwa hakuna kitu. Mtu aliyezoea kengele za sekondari tangu asubuhi hadi jioni anaona kama amepewa likizo. Nilipokuwa mwaka wa kwanza niliwaona wenzangu, tena wengine wakiwa na uwezo kunizidi, wakizipokea zile saa kama zawadi. Majaribio ya kwanza yalipofika, kicheko kilikuwa kimeisha.

Saa hizo zina kazi yake, ila haijaandikwa popote. Katika mfumo wa Marekani wa kuhesabu uzito wa kozi, kila saa moja ya mhadhara kwa wiki huenda na angalau saa mbili za kazi nje ya darasa. Mwenye kozi tano za saa tatu tatu ana saa 15 za darasani na 30 za kujisomea. Hizo ni saa 45, zaidi ya wiki ya kazi ya waajiriwa wengi. Kwingine hesabu hufanywa kwa namna nyingine, lakini kote sehemu kubwa ya masomo hutarajiwa kufanyika mhadhiri akiwa hayupo. Tena sekondari mwalimu alikuuliza daftari liko wapi. Chuoni, katika kozi nyingi, unaweza kupotea wiki nzima na asitokee wa kukuuliza.

Kwa hiyo chukua ratiba yako wiki ya kwanza ujaze mwenyewe yale mapengo: somo gani, saa ngapi, na utakaa wapi. Usiandike tu "kujisomea", kwa sababu saa isiyo na jina la somo huliwa na simu na mazungumzo. Mimi nilikuwa sirudi chumbani baada ya mhadhara. Nilitafuta mahali patulivu, nikapitia kilichofundishwa muda ule ule, na hilo ndilo lililonivusha kuliko mikesha yote ya wakati wa mitihani. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885: mengi ya tunayoyashika hutoweka ndani ya saa za mwanzo na siku ya kwanza, kisha kasi ya kusahau hupungua. Ukingoja hadi mwisho wa muhula, unaanza kujifunza upya, hurudii.

Na kupitia si kusoma tena kurasa zile zile kwa kalamu ya rangi. Funga daftari, andika unachokumbuka, kisha lifungue uone ulichoacha. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima jambo hili kwa wanafunzi wa chuo mwaka 2006. Waliosoma na kurudia kusoma walifanya vizuri walipopimwa baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliojipima wenyewe ndio waliokumbuka zaidi. Mtihani wako hautakuja baada ya dakika tano.

Kila kozi ina muhtasari unaotolewa mwanzoni, na wengi hawausomi. Usome. Humo mna alama za kazi za muhula, alama za mtihani wa mwisho na tarehe za kukusanya. Hamishia tarehe zote kwenye karatasi moja, utaona wiki ambayo kazi tatu zinaangukia pamoja, na utaiona mapema. Nasisitiza hili kwa sababu alama za muhula huu hazifutiki kirahisi. Chukua shahada ya mihula sita yenye uzito sawa, kwa kipimo cha GPA, yaani wastani wa alama za kozi zote, cha hadi 5. Aliyeanza na 2.5 akitaka kumaliza na 4.0 atahitaji wastani wa 4.3 katika mihula yote mitano iliyobaki. Inawezekana, lakini ni mzigo ambao hukuwa na sababu ya kuubeba.

Ukikwama, mwendee mhadhiri ofisini katika saa alizotenga kuonana na wanafunzi. Woga ni mkubwa, naujua, na wengi humaliza mwaka bila kubisha mlango hata mmoja. Usiende na "sijaelewa kitu". Nenda na daftari, onyesha ulipofika, sema: "Nimefuata hadi hatua hii, inayofuata ndiyo imenishinda." Wahadhiri wengi hufunguka wakiona mtu amejaribu. Mkufunzi wa semina naye ni mlango mzuri, mara nyingi ana muda zaidi.

Kuhusu marafiki, usijilazimishe. Wa wiki ya kwanza hupatikana kwa sababu mmepanga foleni moja, na wengi hawadumu, wala si kosa la mtu. Waliobaki nami niliwapata kwenye kikundi cha kujisomea, watu wanne, kila mmoja akija amesoma. Pesa nayo igawe kwa wiki siku ile ile unayoipata.

Upweke unaweza kuja hata ukiwa kwenye umati. Ukipita wiki kadhaa hulali, huli, au huwezi kutoka kitandani, usiite uvivu. Nenda kwa mshauri nasaha wa chuo au mlezi wa wanafunzi, na nyumbani waambie mapema. Ugonjwa ukikukuta karibu na mitihani, toa taarifa kabla hujaingia kwenye chumba cha mtihani. Vyuo vingi vina utaratibu wa kuahirisha kwa mwenye sababu na vyeti vya daktari, lakini ukishafanya mtihani na kufeli, maelezo yale yale hupokelewa kwa shida. Uliza idarani kwako leo fomu ya kuahirisha mtihani inapatikana wapi, hata kama u mzima.