Jibu: Kwa nini jiko la mkaa lisilo na moshi huumiza kichwa

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini jiko la mkaa mnaloingiza chumbani huko Makete, baridi ya Julai inapokaza, huwaumiza kichwa ilhali halitoi moshi. Vitu vingi vinavyotoa moshi viliondoka kuni zilipochomwa kuwa mkaa, na kilichobaki zaidi ni kaboni. Ikipata oksijeni ya kutosha huwa hewa ukaa, lakini hewa ikipungua huzaliwa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania himoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200; hivyo mwili hukosa oksijeni na kichwa huuma. Ule mwali mdogo wa buluu unaochezacheza juu ya makaa mekundu ni gesi hiyo ikiungua. Tafadhali, litoeni jiko nje kabla hamjalala.