Ndago kwenye Ukoka: Vita Iko Chini ya Udongo

Ukoka umefyekwa juzi tu, na leo asubuhi kuna majani membamba yamechomoza juu ya mengine, ya kijani kilichokolea, yanang'aa. Shika shina lake ulizungushe kati ya vidole viwili. Ukihisi pembe tatu, hiyo ni ndago. Shina la nyasi halina pembe hizo.

Wengi huniambia, "Si majani tu hayo, yafyeke." Mwaka 1977 wataalamu wa magugu waliiweka ndago nafasi ya kwanza kati ya magugu mabaya kuliko yote duniani, na ubaya wake hauko juu pale unapoiona. Kwangu Kigamboni udongo ni wa mchanga, kwa hiyo kuchimba ni rahisi, na kila nikichimba nakuta jambo lile lile: chini ya shina kuna kiazi kidogo, ukubwa wa karanga, kigumu, cheusi kwa nje na cheupe ndani, chenye harufu kali. Kinatoka humo kizizi chembamba kama waya kinachokwenda kwenye kiazi kingine, kisha kingine. Vingi viko ndani ya sentimita 15 za juu, ila vingine huenda chini zaidi.

Ukivuta kwa mkono, unabaki na majani na kiazi kinabaki ardhini. Jembe nalo lina hasara yake. Kiazi cha juu huwazuia wenzake wasichipue; ukiukata ule mnyororo vipande vipande, kila kipande kinaamka kivyake. Ndiyo maana watu hulima ukoka wao kwa hasira, na mvua ikinyesha ndago inarudi imeongezeka.

Kinachoimaliza ni kuinyima chakula. Chipukizi hutumia akiba iliyo kwenye kiazi mpaka lifikishe majani matano au sita hivi, kisha linaanza kurudisha na kutengeneza viazi vipya. Lisifike huko. Wakati wa masika na vuli mimi hupita bustanini kila wiki, jioni, udongo ukiwa bado laini. Nachomeka kisu cha zamani wima kando ya shina mpaka kizame chote, nautikisa udongo, ndipo navuta taratibu. Mara nyingi kiazi kinakuja nacho. Kilichobaki kitachipua tena, chembamba zaidi, nami nitakipitia tena. Kazi hii inataka uvumilivu, na sijaona njia ya mkato inayoishinda kwenye ua wa kawaida.

Viazi ulivyotoa usivitupe kwenye lundo la mboji. Vianike juu ya bati juani mpaka visinyae kabisa.

Kuhusu dawa, kuwa mwangalifu na ushauri wa haraka wa dukani. Dawa za magugu ya majani mapana haziing'oi ndago. Glaifoseti huingia mpaka kwenye kiazi, lakini huua na ukoka. Ukiitumia, ipake kwenye jani la ndago peke yake kwa brashi ndogo, umevaa glavu. Iliyotengenezwa mahususi kwa jamii ya ndago ni halosulfuroni, ambayo aina nyingi za nyasi za bustani huivumilia. Yoyote utakayochagua, soma lebo kama aina ya ukoka wako imetajwa, na hakikisha imesajiliwa na TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania.

Kuna gugu jingine linalolala bapa chini, jamii ya ulezi, lenye kitovu cheupe, nalo halina viazi. Ling'oe kabla halijatoa mbegu, kisha tifua pale maana hupenda udongo ulioshindiliwa na miguu au matairi.

Sasa mlango wa ndago. Mara nyingi huingia na udongo mweusi wa kununua kwa lori. Kabla hujamwaga mzigo uani, omba ndoo moja, imwagilie, iache juani wiki mbili tatu uone kinachoota. Muuzaji atakuona msumbufu, mwache. Na usitegemee kutandika nailoni nyeusi chini ya udongo huo, kwa sababu ncha ya ndago huitoboa.

Halafu usikubali ukoka ukwanguliwe mpaka udongo uonekane. Ndago haipendi kivuli. Paspalamu, aina mojawapo ya nyasi za ukoka, ikiachwa na kimo cha sentimita tano hivi, inafunika ardhi na kuibana. Bomba linalovuja lirekebishe, maana sehemu yenye unyevu siku zote ndiyo ndago hushamiri.

Shimo ulipotoa ndago lizibe siku hiyo hiyo kwa kipande cha ukoka kutoka sehemu safi ya bustani yako. Ukilazimika kununua kwenye kitalu cha barabarani, pasua udongo wa kipande uangalie mizizi kabla hujalipa.