Kilomita arobaini kwa siku zinatosha: kwa baiskeli kutoka Passau hadi Vienna

Nilipomwambia Mzee kwa simu kwamba nimeendesha baiskeli zaidi ya kilomita mia tatu kando ya mto, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ulikuwa unapeleka nini?" Nikamjibu sipeleki kitu. "Basi ulikuwa unamkimbia nani?"

Sikumlaumu. Kwetu Sengerema baiskeli ni Phoenix yenye karia ya nondo, na juu ya karia kuna gunia la mkaa, madumu ya maji, au shangazi anayewahishwa kliniki. Mtu haendeshi hivi hivi tu. Nilikaa kusini mwa Ujerumani miaka kadhaa ndipo nikaelewa kwamba kuna watu wazima, wenye akili zao, wanaochukua likizo ya wiki nzima ili wakanyage pedeli taratibu kando ya maji huku wakila aiskrimu. Siku hizi na mimi nimo. Ndugu zangu mlioko huku mmekuwa mkiniuliza pa kuanzia, nami nawajibu: anzieni Passau, mji wa Ujerumani ulio mpakani na Austria, mfuate mto Danube hadi Vienna, mji mkuu wa Austria. Ila msiende kama nilivyokwenda mimi mara ya kwanza.

Njia hiyo ina kama kilomita 320, sehemu kubwa ni lami, na iko karibu tambarare mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ilianza kama njia ya farasi. Kabla ya injini, mashua zilizopanda mto zilikokotwa kwa kamba na farasi waliotembea ukingoni, na farasi anayevuta mzigo hatafutiwi vilima. Baiskeli imerithi njia ya farasi. Kuna vibao karibu kila njiapanda, kwa hiyo kupotea ni kazi.

Safari ya kwanza nilikwenda na rafiki yangu tunayefanya naye kazi, Mkenya wa Eldoret. Tulikaa na ramani tukagawa 320 kwa 4, tukapata 80 kwa siku, tukasema mbona rahisi. Siku ya kwanza tukajitia ushujaa tukaunganisha hadi Linz, kama kilomita 95. Tulifika saa mbili usiku, tukakuta jikoni kumefungwa, tukala karanga. Siku ya pili sikuweza kukaa kwenye siti. Nilikuwa naendesha nimeinuka nusu kama mtu aliyekalia siafu. Siku ya nne, kwenye uwanda baada ya Krems, upepo ukageuka ukatupiga usoni. Njia ile imenyooka, miti ni michache, na unauona mnara wa kanisa la mbele kwa saa nzima bila kuufikia. Tuliishia Tulln, tukapanda treni. Na ukiniuliza leo nilichokiona katika safari ile, nitakwambia: gurudumu la nyuma la Mkenya.

Mara ya pili nilikwenda na mke wangu, kwa siku nane. Kilomita arobaini kwa siku, pungufu pale penye kitu cha kutazama. Kwa mwendo wa pole hizo ni saa tatu hivi za kukanyaga. Unaondoka saa tatu asubuhi umeshakula vizuri, na saa tisa mchana umeshafika, umeoga, unatafuta pa kukaa ukatazame mashua. Siku nzima iliyobaki ni yako.

Muda huo ndio uliotufanya tusimame Schlögen, pale mto unapokuta mwamba mgumu wa matale ukazunguka karibu duara zima kurudi ulikotoka. Ndio uliotupandisha pia hadi kambi ya Mauthausen, ambayo safari ya kwanza tuliipita bila hata kugeuza shingo. Manazi waliianzisha mwaka 1938, na kwenye machimbo yake ya mawe kuna ngazi 186 ambazo wafungwa walipandishwa wamebeba mawe mgongoni. Kilima cha kufika kule ni kikali, na sisi tulikipanda kwa miguu. Jioni ile hatukuongea sana.

Lakini mahali ninapopataja kwa kila mtu ni bonde la Wachau, kati ya Melk na Krems, kilomita 36 hivi tu. Wengine hulimaliza asubuhi moja. Sisi tulilitengea siku mbili na bado hazikutosha. Kabla ya hapo mto umezuiwa na mabwawa ya umeme, na juu ya kila bwawa maji yametulia hadi unadhani uko kando ya ziwa. Wachau hakuna bwawa. Unaona mara moja: maboya yamelala upande, maji yanakimbia.

Mkondo huo ndio unaoendesha kivuko cha Spitz. Hakina injini. Kuna waya mnene uliovutwa juu ya mto kutoka ukingo hadi ukingo, nacho kimefungwa kwenye waya huo. Nahodha hugeuza usukani kidogo, kivuko kikakaa mshazari, basi maji yenyewe yanakisukuma hadi ng'ambo. Unasikia chapuchapu za maji ubavuni na kengele ya baiskeli ya mtu ikigusagusa chuma. Mimi nimekua nikivuka Kigongo kwenda Busisi kwa pantoni, enzi hizo daraja bado, ngurumo za injini na harufu ya dizeli na dagaa, na foleni ambayo ungeweza kuolea ndani yake. Mke wangu alitazama juu kwenye waya, akatazama maji, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Baba Neema, hawa wanalipia mafuta gani?" Tulivuka, tukanywa kahawa, tukavuka tena kurudi bila sababu yoyote.

Ukifika Wachau, ukingo wa kaskazini ndio wenye vijiji vinavyopigwa picha, pamoja na Dürnstein, ambako mfalme Richard wa Uingereza alifungwa ngomeni mwishoni mwa mwaka 1192. Ndiko pia kwenye watu wengi na barabara ya magari iliyo karibu. Ukingo wa kusini ni mtulivu zaidi. Mwezi wa Julai aprikoti zinaiva, na zinauzwa mlangoni kwa mkulima. Nunua nusu kilo, usinunue mbili. Najua ninachosema.

Sasa mambo ya fundi. Siti iwe juu kiasi kwamba ukiweka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, goti linanyooka. Watu wengi wa kwetu huikalia chini mno, kwa mazoea ya kutaka miguu yote miwili ifike ardhini, halafu wanalalamika magoti. Kaptula yenye sponji si mapambo, na huvaliwa bila chupi. Mwenye aibu atavaa suruali juu yake. Mafuta ya mgando pale panaposuguana. Mzigo usibebwe mgongoni hata ukiwa mdogo, ufungwe kwenye karia. Chukua tyubu ya akiba, pampu na vipande vya kuzibia pancha, kwa sababu mafundi wako mijini na pancha haisubiri mji. Jioni, kwenye misitu ya kando ya mto, kuna mawingu ya vijidudu vidogo, na bila miwani utavila kwa macho na kwa mdomo.

Panga safari toka Passau kwenda Vienna, usianzie upande wa pili. Mto unashuka, kidogo tu, ila pepo za kule mara nyingi hutoka magharibi, zikakusukuma mgongoni. Nimesema mara nyingi; mimi na Mkenya ni mashahidi wa siku zile nyingine. Ndiyo maana siku fupi ni bora: upepo ukikugeuka na umebakiza kilomita kumi na tano, utafika tu.

Jumapili maduka ya Austria yamefungwa. Mkate na matunda vinunuliwe Jumamosi. Maji si shida. Makaburi ya vijijini huwa na bomba la kumwagilia maua, ila soma kibao kwanza, kikiandikwa "Kein Trinkwasser" ujue hayo si ya kunywa. Endesha kulia, piga kengele mapema kabla ya kumpita mtu, na usiudhike baiskeli za umeme zikikupita mlimani zikiendeshwa na bibi wa miaka sabini. Watakusalimu. Itikia.

Kurudi ni kwa treni, na baiskeli hukatiwa tiketi yake. Kwenye treni za mbali nafasi zake ni chache, kwa hiyo shika mapema. Ukiona ni usumbufu, kuna wakodishaji wanaokupa baiskeli Passau ukairudisha Vienna.

Kando ya mto kuna vibao vya kilomita, na vinahesabu kutoka Bahari Nyeusi, mto unakoishia. Passau ni zaidi kidogo ya 2,220; Vienna ni kama 1,930. Mke wangu alikuwa akivisoma kwa sauti kila tulipovipita, namba zikishuka. Tulipofika Vienna akashuka, akaegemeza baiskeli kwenye nguzo, akakokotoa kwa vidole. "Zimebaki elfu moja mia tisa na thelathini," akasema. "Kwa arobaini kwa siku ni siku arobaini na tisa. Likizo yako ni siku ngapi kwa mwaka?"