Nunua Chaja Kwanza: Kompyuta Ndogo Nyuma ya TV ya Mama

Nyumbani kwa mama, Shinyalu, upande wa Kakamega, mvua hushuka alasiri, kuanzia saa tisa hivi, na mara nyingi huja na radi. Wingu likianza kunguruma tu, mama huzunguka nyumba nzima akizima soketi moja baada ya nyingine, kisha huchomoa waya wa TV na wa antena. Ndivyo alivyotulea, na yuko sahihi. Majirani wawili tayari wamepoteza TV kwa radi.

Naanza na soketi za mama kwa sababu karibu kila ushauri niliosoma kuhusu kugeuza kompyuta ndogo iwe hifadhi ya video na muziki ya nyumbani uliandikwa na mtu ambaye stima yake haipotei na intaneti yake haiishi. Niliufuata ushauri huo neno kwa neno. Kadi moja ya memori ikafa, na diski yenye harusi ya dada yangu ikaponea chupuchupu. Nisingependa yakupate hayo.

Kilichonisukuma ni kabati la TV. Mle ndani kulikuwa na DVD zaidi ya thelathini: harusi, mahafali, harambee ya kanisa, matanga ya baba. Kila shughuli kubwa huku kwetu ina mpiga video wake, na baada ya wiki mbili tatu huleta DVD ndani ya bahasha ya karatasi. Deki ya mama iliharibika zamani, na fundi akasema haifai kutengenezwa tena. TV yake husoma flashi, lakini mafaili ya DVD ukiyatia humo kama yalivyo inakataa. Kwa hiyo kumbukumbu zote za ukoo zilikuwa zimelala kabatini, na DVD za kuandikwa nyumbani hazidumu milele: tabaka lake la rangi huchakaa kwa joto na mwanga, hata kama hakuna aliyeikwaruza. Katika harusi ya dada, ya mwaka 2008, kukhu wetu, yaani bibi, anaonekana akicheza isukuti, ngoma yetu ya asili, mbele ya bwana harusi. Isukuti ya Waisukha na Waidakho ndiyo hiyo UNESCO iliyoiingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Isukuti ya kukhu ilikuwa imebaki kwenye DVD moja yenye mikwaruzo.

Kompyuta niliyonunua ni Raspberry Pi 4 yenye RAM ya GB 2. Hizi Raspberry Pi zilianza kuuzwa Februari 2012 kwa dola 35, zikitoka Uingereza, na lengo lilikuwa watoto wajifunze kuandika programu. Ni kibao cha ukubwa wa kadi ya benki. Kwa kazi hii GB 2 zinatosha kabisa, usishawishiwe kulipia nane. Pi 4 hucheza bila kukwama video zilizobanwa kwa mtindo wa kawaida wa H.264 na pia zile za H.265 ambazo baadhi ya simu hurekodi. Pi 5 iliyotoka 2023 ina nguvu zaidi, lakini inataka chaja ya ampea 5, na kwa video za harusi hutaona tofauti yoyote. Ukikosa Pi, au ukiona bei yake ya huku imepanda mno, tafuta kompyuta ndogo ya mezani ya mitumba, zile za maofisini zinazoitwa ex-UK, yenye Intel ya kizazi cha sita kwenda juu. Inakula stima zaidi, lakini ina kitufe chake cha kuwashia na chaja yake halisi, na hilo la chaja si dogo.

Chaja ndiyo iliyonitesa. Pi 4 inataka volti 5.1 na ampea 3, bila kupungua. Mimi nilitumia chaja ya simu iliyoandikwa kwamba ni ya kasi, nikidhani kasi ni nguvu. Chaja nyingi za namna hiyo hupandisha volti hadi 9 zikielewana na simu, lakini zikirudi kwenye volti 5 hutoa ampea mbili tu, na Pi haijui kuelewana nazo. Nikaongeza kosa kwa waya mrefu mwembamba, ambao nao hupoteza volti njiani. Alama ya radi ya manjano ikawa inatokea pembeni ya skrini. Ukiiona alama hiyo jua volti zimeshuka chini ya kiwango, na usiendelee hata siku moja. Mimi niliendelea wiki nzima. Diski ikaanza kutoa mlio wa tik-tik, ikawa inapotea na kurudi, kisha folda mbili zikakataa kufunguka. Diski zile ndogo za kubebeka hunywa stima kupitia USB, na tundu zote nne za Pi 4 kwa pamoja hugawana ampea 1.2 tu. Injini ya diski ikianza kuzunguka, hizo hazitoshi.

Basi nunua chaja rasmi ya Pi kabla ya kitu kingine chochote. Kisha ununue ama habu ya USB, yaani kigawanyi cha tundu za USB, yenye adapta yake ya ukutani, ama diski kubwa inayokuja na chaja yake. Kama pesa haitoshi vyote, ahirisha kasha la kupendeza la kuifunika Pi, ahirisha rimoti, ahirisha kila kitu, lakini si hivyo viwili. Ila ukiwa kwenye joto la Kisumu, ninakoishi mimi, tafuta angalau kasha la alumini, maana Pi ikikaribia nyuzi 80 hujipunguzia kasi yenyewe.

Kadi ya memori, inayobeba mfumo wa Pi, nayo ina mtego wake. Niliuziwa moja imeandikwa GB 128, kumbe ndani haifiki hata robo. Kadi ya namna hiyo hupokea mafaili bila kulalamika, halafu yale ya mwisho hayasomeki. Kabla hujaweka chochote, ipime kwenye laptopu kwa programu ya H2testw kama unatumia Windows, au F3 kama unatumia Linux. Na huhitaji kubwa: GB 16 zinatosha, kwa sababu video zitakaa kwenye diski.

Sasa turudi kwa soketi. Pi 4 haina kitufe cha kuzimia. Ukiikatia stima ghafla wakati inaandika kwenye kadi, unaweza kuiharibu kadi, na diski pia. Ndivyo kadi yangu ya kwanza ilivyokufa, siku ya mvua, saa kumi jioni. Nilijaribu kumweleza mama kwamba aingie kwenye menyu, ashuke hadi mahali pa kuzimia, athibitishe, asubiri taa. Ananguruma Mungu juu ya mabati, na mimi namtaka mtu wa miaka sabini atafute menyu! Halikuwa ombi la haki.

Jibu lilikuwa kwenye waya wa HDMI wenyewe. TV nyingi zina kitu kinachoitwa CEC, kinachoruhusu rimoti ya TV kuongoza kifaa kilichochomekwa. Kila kampuni imekipa jina lake: Samsung ni Anynet+, LG ni Simplink, Sony ni Bravia Sync. Mara nyingi kimezimwa kwenye mipangilio ya TV, kwa hiyo kiwashe. Chomeka waya kwenye tundu la HDMI lililo karibu na tundu la chaja, si lile la pili, na kumbuka Pi 4 hutumia HDMI ndogo kabisa, micro-HDMI, hivyo nunua waya unaofaa. Kisha kwenye mipangilio ya Kodi, programu ya kuchezesha video na muziki niliyoiweka kwenye Pi, penye vifaa na CEC, kuna swali la TV ikizimwa kifanyike nini. Chagua kuzima kabisa. Tangu siku hiyo mama hubonyeza kitufe chekundu cha rimoti yake ileile, Pi inajizima kwa utaratibu, anahesabu taratibu hadi thelathini, anazima soketi. Kuwasha ni rahisi zaidi: Pi ikipata stima tu, inaamka yenyewe. Tabia yake ya soketi haikubadilika, na mashine ikapatana nayo.

Stima ikipotea yenyewe hakuna wa kukuonya, na hapo mimi nategemea vitu viwili. Kwanza, diski isiyohamahama niliiandaa kwa ext4, mtindo wa kupanga mafaili kwenye diski ambao huvumilia kukatizwa vizuri kuliko mtindo wa exFAT. Ubaya wake ni kwamba laptopu ya Windows haitaisoma moja kwa moja. Pili, mfumo niliouweka una sehemu ya kutengeneza nakala ya mipangilio yote katika faili moja. Nimeihifadhi Kisumu pamoja na kadi ya akiba, na kurudisha kila kitu ni kazi ya nusu saa.

Mfumo wenyewe unaitwa LibreELEC. Kazi yake ni moja, kuendesha Kodi. Kodi ilianza maisha yake kwenye Xbox, ikajulikana miaka mingi kama XBMC, hadi 2014 ilipobadilishwa jina. Ni ya bure na halali. Kuna watu watakuuzia kifaa ambacho tayari kimejazwa viongezo vya kuonyesha filamu na mpira bila kulipa. Achana navyo. Ni wizi wa kazi za watu, huvunjika kila mara, na hujui aliyeviandika anachukua nini nyumbani mwako. Kama shida yako hasa ni Netflix, kifaa hiki si chako, Kodi haina programu rasmi ya Netflix.

Kwa mama hakuna intaneti ya kudumu, na haihitajiki. Watu huchanganya ruta na bando. Ruta isiyo na bando bado inaunganisha simu na Pi ndani ya nyumba, na hata bila ruta, LibreELEC inaweza kurusha Wi-Fi yake. Wapwa zangu huunganisha simu, wakaitumia Kore, rimoti rasmi ya Kodi kwenye Android, na picha za sherehe wanazisukuma moja kwa moja hadi kwenye diski bila kutumia hata senti ya data. Jambo moja litakushangaza: Pi 4 haina betri ya saa, kwa hiyo bila intaneti huwaka na tarehe isiyo sahihi. Usitegemee mpangilio wa vilivyoongezwa karibuni, panga kwa majina.

Kunakili DVD kulinichukua likizo nzima. Osha kila moja kwa maji na sabuni laini, ukifuta kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, kamwe usizungushe. Zilizogoma kwenye laptopu nilizitoa kwa ddrescue, programu ya Linux inayoruka sehemu mbovu, ikachukua nzima kwanza, halafu ikarudi kujaribu zilizobaki. Ya harusi ilizunguka usiku kucha, na dakika kama mbili tu ndizo hazikurudi. Nakala kamili ya DVD moja ya kawaida ya tabaka moja haizidi GB 4.7, hivyo thelathini hazijazi hata GB 150. Hifadhi hizo kamili kwanza, ndipo utengeneze ndogo kwa HandBrake, programu ya kubana video. Na ukiona mistari kama meno ya kitana mtu akisogea, usidhani video imeharibika. Ndivyo kamera za wakati huo zilivyorekodi, na HandBrake ina kichujio cha kuiondoa. Diski ya pili yenye nakala ya kila kitu iko kwangu Kisumu, kwa sababu radi haichagui.

Usiiache Kodi itafute majina ya video zako za nyumbani mtandaoni. Iambie folda hiyo haina filamu, uzipange mwenyewe kwa mwaka na tukio, na ndani ya kila folda uweke picha moja uipe jina folder.jpg. Mama hasomi sana maandishi madogo kwenye TV, lakini picha ya baba akiwa na koti la kijivu anaijua kutoka mlangoni.

Kazi ninayoifanya sasa ni ya majina. Kila nikienda nyumbani tunasimamisha harusi ya 2008 sehemu sehemu, mama ananyosha kidole, mimi naandika kwenye faili la maandishi linalokaa kando ya video: huyu ni nani, binti wa nani, aliolewa wapi. Wanawake walioandamana na kukhu wakicheza ni kumi na wanane. Kumi na sita tumeshawapata. Wawili wa mwisho, mmoja mwenye leso ya kijani na mwingine aliyebeba mtoto, mama hawakumbuki, na senje, yaani shangazi, anakuja Desemba.