Tshangalele: kaa mahali pamoja, ndege watakuja

Safari yangu ya kwanza ya kuangalia ndege kwenye ziwa Tshangalele, huku kwetu Katanga, Kongo, niliiharibu mwenyewe. Tulitoka Katuba, mtaa wa Lubumbashi, saa mbili asubuhi, mimi na mdogo wangu, tukakwama kwenye peaji ya Lumata (pale wanapolipisha ushuru wa barabara) nyuma ya malori ya madini, tukafika Kapolowe, karibu na ziwa, jua likiwa utosini. Tukakodi mtumbwi wa mota, tukamwambia kijana atuzungushe kila mahali. Tulichoona ni migongo ya ndege. Kila tulipokaribia matete waliruka mbele yetu, na kabla sijainua darubini (hapa kwetu wengi tunasema jumeli) walikwisha kuwa vidoa angani. Baada ya saa tatu za kelele na moshi wa petroli, nilirudi nyumbani kichwa kinaniuma, na kwenye daftari langu kulikuwa na majina mawili tu.

Nimerudi huko mara nyingi tangu siku ile, na walimu wenzangu wananiuliza waanzie wapi. Nitawaambia niliyojifunza.

Kwanza mjue ziwa lenyewe lilivyo. Si ziwa la asili. Karibu miaka 100 iliyopita Wabelgiji waliuziba mto Lufira huko Mwadingusha ili wapate umeme wa migodi, na maji yakatandaa juu ya bonde tambarare. Kwa hiyo ni ziwa pana lenye kina kifupi, na huwezi kusema kwa uhakika ukingo wake unaanzia wapi: kuna maji, halafu mayungiyungi, halafu matete, halafu nyasi zenye tope, mpaka unapokuta miti ya miombo. Kina hicho kifupi ndicho kinachowalisha ndege. Korongo anasimama mbali na nchi kavu na bado miguu inamtosha, na samaki hana kilindi cha kukimbilia. Bonde hili la Lufira liliingizwa mwaka 2017 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, ambamo hifadhi zetu za Virunga na Mikoko zilikuwa zimetangulia, lakini Lubumbashi nzima ukiuliza Tshangalele watu watakuambia habari za samaki tu.

Kuna jambo moja linalonifanya nilipende zaidi. Mwaka 1960 mtaalamu wa wanyama Jean-Claude Ruwet alikusanya hapa mnana mmoja, hawa ndege wafumao viota vinavyoning'inia, na mwaka 1982 wataalamu wakathibitisha kwamba ni wa aina ya peke yake, wakamwita Ploceus ruweti. Ni wa njano, uso mweusi kama aliyevaa kinyago, na wekundu wa kutu kidogo. Dunia nzima anajulikana kutoka bonde hili la Lufira tu. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kutafuta viumbe wa namna hiyo, na sisi tuko naye karibu hivi, kabla hata ya kufika Likasi.

Sasa ushauri wenyewe. Usizunguke. Chagua mahali pamoja, ufike mapema, ukae.

Nilifundishwa na mzee mmoja mvuvi, safari yangu ya pili. Alinichukua saa kumi na moja na nusu, giza likianza kupauka, kwa mtumbwi wa upondo usio na mota. Alitupeleka mpaka mwisho wa mayungiyungi, akaichomeka pondo kwenye tope, akafunga kamba. Mimi nikanyanyuka nitazame mbele. Akasema, "Mama Mwalimu, ikala. Tungoje. Watarudia." Nikaketi. Dakika kumi za kwanza sikuona kitu, nikaanza kuhesabu pesa nilizotumia. Kisha vyura wakaanza tena. Kisha kitu kikatembea juu ya majani.

Alikuwa sile-maji: mwili wa rangi ya matofali, paji la buluu, na vidole virefu vinavyomgawia uzito wake juu ya jani la yungiyungi hata lisizame. Alitembea mpaka karibu kiasi kwamba niliona tone la maji kwenye mdomo wake. Alikuwa na vifaranga vinne, kila kimoja kama pamba yenye miguu. Mwewe akapita juu. Yule ndege akachuchumaa, akafungua mbawa kidogo, vifaranga wakaingia chini yake, na aliposimama tena nikaona miguu mingi imening'inia kwapani mwake, mirefu, myembamba, kama nyuzi. Akaondoka nao hivyo, amewabeba. Nilidhani ni mama. Baadaye nikasoma kwamba kwa ndege hawa ni baba anayelalia mayai na kulea. Jike huweka mayai na kwenda kwa dume mwingine. Tangu hapo nimewasimulia wanafunzi wangu habari ya baba huyo kila mwaka.

Asubuhi ile hatukusogea hata mara moja mpaka saa tatu. Niliandika aina kumi na tisa. Mdiria mweupe na mweusi alitulia hewani juu ya maji, mbawa zinapiga bila yeye kwenda popote, akajitupa chini, akatua kwenye ncha ya mtumbwi wetu na samaki mdomoni, akampigapiga kwenye ubao mpaka akalegea. Nilisikia mapigo yale miguuni mwangu.

Kwa hiyo lala Kapolowe usiku uliotangulia, usitoke Lubumbashi alfajiri. Ukifika, jitambulishe kwa chifu au mkubwa wa mtaa, chukua kadi yako ya mchaguzi, sema wazi kwamba umekuja kuangalia ndege. Watu wakimwona mgeni mwenye darubini katika nchi ya madini wanawaza mambo mengine kabisa, na wana haki. Pia usielekeze kamera kwenye bwawa na mitambo ya umeme. Patana na mvuvi bei kabla ya kupanda, umlipe asubuhi nzima, kwa sababu asubuhi hiyo hatatega wavu. Na ununue samaki kwa mama wa ukingoni. Makoki ya hapo, yaliyokaangwa muda huo huo, na bukari (ugali) ya moto. Mimi sijapata kifungua kinywa bora kuliko hicho.

Darubini ya 8x42 inatosha. Ile namba ya kwanza ndiyo ukuzaji, na ukienda zaidi ya 10 mkono ukitikisika ndani ya mtumbwi huoni kitu. Usivae nyeupe. Mwezi wa sita na wa saba beba koti zito, maana baridi ya Katanga alfajiri, juu ya maji, si ya mchezo. Vaa jaketi la kuokolea hata kama mvuvi wako hana, nunua lako. Usitembee pekupeku kwenye maji ya ukingoni kwa ajili ya kichocho, na waulize wavuvi habari za mamba na viboko kila safari, usitegemee jibu la mwaka jana.

Kuhusu majira, kiangazi njia ni nzuri na maji yakishuka tope hubaki wazi, ndege wa miguu mirefu hujaa. Lakini mimi napenda masika zaidi. Kuanzia mwezi wa kumi na moja minana huvaa rangi zao na kufuma, dume akining'inia kichwa chini na utepe wa jani mdomoni, na mbayuwayu na keremkerem waliokimbia baridi ya Ulaya wanakuwa kwetu. Shida ni radi. Ukisikia ngurumo hata ya mbali, toka majini wakati huo huo, usingoje mvua.

Kuna kosa langu moja ambalo ni lazima nilisimulie. Masika moja tulikuta miti mikavu ndani ya maji imejaa viota vya yangeyange. Nilitaka picha. Nikamwomba mvuvi asogee zaidi, akasita, nikasisitiza, akanitii kwa heshima tu. Ndege wakubwa wote waliruka kwa pamoja. Hazikupita dakika mbili mwewe wakafika, wakachukua makinda mawili mbele ya macho yangu, na jingine lilidondoka majini likijaribu kusogea pembeni ya kiota. Picha ninayo mpaka leo na sijawahi kumwonyesha mtu. Ndege wakianza kupiga kelele na kuinuka kwenye viota, wewe umekwisha kufika karibu mno. Rudi nyuma. Na usiwachezee sauti zao kwa simu ili waje. Unawatoa kwenye mayai kwa ajili ya mpinzani ambaye hayupo.

Andika. Tarehe, saa, mahali, aina, idadi. Mito inayotoka upande wa Likasi inaingia kwenye ziwa hili, na watafiti wamekuta shaba na kobalti kwenye matope yake. Nyavu nazo zinazidi kuwa na macho madogo. Kama siku moja sile-maji wakipungua, atakayetaka kujua walikuwa wangapi atahitaji daftari la mtu aliyekuwa anakaa pale na kuhesabu. Mimi nina madaftari manne.

Asiye na nauli ya Kapolowe aende kwenye maji ya Kipopo, ni karibu na Lubumbashi; afike mapema na akae kwa namna ile ile.

Mdogo wangu, ambaye safari ile ya kwanza alitaka turudi baada ya nusu saa, mwezi wa pili huu tulikuwa naye tena mwisho wa mayungiyungi. Nikasikia minana kulia kwangu, nikaanza kugeuka haraka. Alinishika mkono, akaninong'oneza, "Yaya (yaani dada), ngoja kwanza." Tulingoja. Dume mwenye kinyago cheusi akatoka ndani ya kichaka na utepe wa jani mdomoni, akaufunga fundo la kwanza.