Kompyuta ya gemu imechoka na mfukoni kuna elfu 20

Bro, wasema uko hapo Malindi, mashine ina prosesa i5 ya kizazi cha 4, RAM GB 8, hadidiski ile ya kuzunguka na kadi ya picha GTX 750 Ti, wauliza uongeze vitu ama uitupe. Usikimbilie dukani kwanza. Fungua keisi uitoe vumbi kwa brashi, sisi wa pwani vumbi lachanganyika na chumvi likaganda kwenye feni kama uji uliokauka, mtu akalalamika gemu lakwama kumbe prosesa yapikika tu, na ile pesti ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa badilisha, ni hela ndogo.

Ikiwa bado yakwama, mimi singeimwagia pesa. RAM yake ni DDR3, aina ya zamani, ukihamia mashine nyingine haiingii bodi za sasa, halafu Windows 11 haikubali rasmi karibu prosesa zote za Intel chini ya kizazi cha 8, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025. Nunua SSD ya SATA (diski ya kasi isiyozunguka) peke yake, hiyo utahama nayo.

Pesa ilobaki changia OptiPlex, kompyuta ya ofisi ya Dell, iliyotumika, yenye prosesa i5-8500 ya kizazi cha 8, lakini chukua ile ya keisi kubwa, ile nyembamba kadi ya kawaida haitoshei (wauzaji hawakwambii hili!). 750 Ti yako ihamishie humo, yala wati 60 tu, pawa saplai ya ofisi yaiweza. Baadaye ukipata, tia GTX 1650 isiyotaka waya wa pawa. Ukinunua mkononi mwa mtu usitoe pesa mpaka acheze gemu nusu saa mbele yako.