qBittorrent haipokei miunganisho? Anza na IP ya ruta

Ndugu, unasema umeiruhusu qBittorrent (programu ya kupakua na kushirikisha mafaili ya torrent) kwenye faiawali (kinga ya mtandao) ya Windows, umefungua poti 6881 (mlango wa kupitishia data) kwenye ruta, na bado hakuna anayeweza kuunganisha kwako. Kabla hujagusa kitu kingine, ingia kwenye ruta utazame IP (anwani ya mtandao) ya upande wa WAN, yaani upande wa intaneti. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, au ikianza na 10 na nukta (10.x.x.x), kampuni ya intaneti imewaweka wateja wengi nyuma ya IP moja. Hapo kufungua poti ni kutwanga maji kwenye kinu. Ruta nyingi za laini ya simu ziko hivyo. Waombe IP ya umma, au tafuta VPN (huduma inayopitisha intaneti yako kwenye seva yake) inayokubali kufungua poti.

IP ikifanana na ile inayoonekana kwenye tovuti za kupima IP, basi kosa liko nyumbani kwako. Ipangie kompyuta IP isiyobadilika humo humo kwenye ruta, mfano 192.168.1.50, kisha ielekeze poti huko, kwa njia zote mbili za kusafirisha data, TCP na UDP. Hiyo 6881 achana nayo, kuna kampuni huibana; chagua namba kati ya 49152 na 65535, ile ile kwenye programu na kwenye ruta. Na faiawali usiizime, tafadhali.